Ukuta wa Mama Sekela

1

Malalamiko ya nyumba C-14 yalifika mezani kwangu mara ya saba ndipo nikaamua kwenda mwenyewe. Mafundi wangu sita walikwishapanda ngazi zile, mmoja baada ya mwingine, na wote waliandika maneno yaleyale: utando mzima, hakuna hitilafu, mteja msumbufu. Kigae cha nyumba ile nilikitengeneza mimi, na mimi sikuwahi kurudishiwa kigae hata kimoja. Kwa hiyo nisijitie wema. Nilikwenda kuutetea ukuta wangu, sikwenda kumsaidia mtu.

Mlango ulifunguliwa na mama mfupi mwenye kilemba cha kijani, umri wa kama miaka hamsini na kitu. Nyuma yake sebule ilikuwa vurugu tupu. Kabati la vyombo limesogezwa katikati, makochi yamepandishwa moja juu ya jingine, na kitanda kimetolewa chumbani kikasimamishwa ubavu. Nilidhani wanahama.

"Karibu, mwanangu. Pita hapo, usijigonge. Umekuja na ngazi?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni Ikupa, fundi wa vigae. Ngazi ya nini tena?"

"Marahaba. Wale wenzako sita hawakukuambia? Wote niliwaambia waje na ngazi. Huku chini nimeshamaliza."

"Umemaliza nini, mama?"

"Kutafuta."

Alibandika kiganja ukutani na kuanza kutembea, akipapasa. Ukuta wenyewe, niseme ukweli wa Mungu, ulikuwa umependeza. Udongo mwekundu, na mapitio ya vidole vya mwanamke aliyekandika kwa subira, upinde juu ya upinde. Chini yake ni zege la kijivu kama la kila nyumba ya Mji Mpya, lakini zege halionekani, kwa sababu limevikwa utando. Utando ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unatoa rangi, na unajiinua na kujibonyeza kidogo kidogo, hata mkono ukipita juu yake unahisi udongo, mchanga na kipande cha jani kilichokaukia ndani. Bonde la Lumekwa lilipojazwa maji ili nchi ipate umeme, watu wa nyumba elfu nne waliletwa kwenye maghorofa haya, na kila nyumba iliahidiwa ukuta wake. "Ukuta wako utakufuata," ndivyo mabango yalivyosema.

"Kule kwetu ulikuwa hapa," alisema, akajigusa goti. "Ukiingia tu, mkono wa kulia, chini. Sasa ukuta huu hauna mwanzo, mwanangu. Naanzia dirishani, napapasa, nafika jikoni, naona ni palepale nilipotoka. Nikasema labda umeangukia nyuma ya kabati. Nimetoa kabati. Nikasema labda kitandani. Nimetoa kitanda. Umebaki huko juu, na mimi na huu ufupi wangu unaniona."

"Unatafuta nini, mama?"

"Mkono wa Sekela."

Akanieleza bila kulia, kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Kwao Lumekwa nyumba hukandikwa upya kila baada ya mavuno. Mtoto akifika umri wa kusaidia, siku yake ya kwanza anabonyeza mkono kwenye udongo mbichi, karibu na mlango. Miaka inayofuata nyumba inakandikwa tena, lakini pale hapaguswi. Vidole vya mama vinapita kandokando, vinapazunguka. Nyumba nyingine zina mikono saba, nyingine kumi na moja.

"Mimi nilikuwa na mmoja," alisema. "Binti nilimpata nina miaka arobaini na mbili, watu wameshaacha hata kuniuliza. Akabonyeza mkono ana miaka sita, mwaka wa pili homa ikamchukua. Walipokuja kuhamisha makaburi walinipa kadi yenye namba. Nilikiona walichokibeba, kilikuwa kiroba cha udongo. Sikugombana nao. Nikajisemea, aa, mkono wake unakuja na ukuta."

Nilijua palepale kilichotokea. Fundi yeyote wa vigae angejua. Ukuta ule wote, kutoka dirishani hadi jikoni, ulikuwa kigae kimoja, mraba wa sentimita sitini unaojirudia mara mia na themanini. Kama mkono ungekuwemo, ingekuwemo mikono mia na themanini, na mama yule asingehitaji ngazi. Haukuwemo popote. Kama ulikuwa kwenye kipande changu, basi niliuondoa mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nimeshajiuliza mara nyingi ingenigharimu nini. Badala yake nilifunga mkoba wangu, nikasema, "Nitaangalia, mama."

2

Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, nilikutana na mzee mrefu anapandisha na fungu la mchicha kwapani. Alikuwa amevaa koti la walinzi wa pampu za maji. Aliuona mkoba wangu wa vifaa, akasimama katikati ya njia.

"Unatoka C-14?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye Baba Sekela." Alitazama juu, kisha akashusha sauti. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba haupo."

Nikamtazama. "Kumbe unajua."

"Nilijua siku ya kwanza. Nilipitisha mkono mara moja tu, pembe hii hadi pembe ile, nikajua wametuletea shuka iliyofuliwa."

"Na miaka mitatu yote hii hujamwambia mwenzako?"

Mzee aliweka mchicha juu ya ukingo wa ngazi, taratibu, kama vile mazungumzo yetu yangechukua siku nzima. "Sikiliza, mwanangu. Mtoto alipofariki, mama yake alilala miezi minne. Hakuwa mgonjwa. Alilala tu, uso ukutani, nikimnywesha uji kwa kijiko. Halafu wakaja kutuhamisha, akasimama kwa kuwa kitanda kilitolewa. Siku ya kwanza hapa aliamka mwenyewe, akaanza kutafuta. Sasa anaamka kabla yangu. Anafagia, anasukuma kabati, ananifokea kwamba nimekaa njiani. Ananifokea, unanisikia? Miezi minne ile hakunifokea hata mara moja."

Nilihamishia mkoba bega la pili.

"Lakini ukuta unamwishia," aliendelea. "Amebakiza huko juu. Akifika darini asiukute, atarudi kitandani, na safari hii simwamshi. Ninyi mna mashine. Mkitaka mnaweza kuingiza msitu mzima humu ndani. Mkono mmoja wa mtoto utawashinda?"

"Hautakuwa wake, mzee."

"Utajua wewe. Nitajua mimi. Yeye ataupata."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu."

"Fupi inanitosha," alisema, akachukua mchicha wake. "Nina miaka sabini na moja. Naenda wapi?"

3

Watu wengi hawajui kazi yetu ilianzia wapi. Zamani za kompyuta za mezani, kurasa za tovuti zilikuwa na mandhari nyuma ya maandishi: karatasi iliyokunjamana, turubai, mbao, mistari ya kitenge. Mtandao ulikuwa dhaifu, picha kubwa ilikuwa haishuki. Basi mafundi walitengeneza kipande kidogo kama stempu, na kompyuta ikakirudia ukurasa mzima. Siri ilikuwa kwenye kingo. Kipande kisipokutana vizuri na mwenzake unaona mistari, unaona mshono, na msomaji anaacha kusoma anaanza kukodolea macho mshono.

Dawa ya mshono nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na haijabadilika. Unakata picha kwa msalaba, vipande vinne. Unavibadilishana: cha juu kushoto kinakwenda chini kulia, cha juu kulia kinakwenda chini kushoto. Sasa kingo za nje ni zile zilizokuwa zimeshikana katikati, kwa hiyo zinakutana zenyewe bila ugomvi. Mshono umehamia ndani, mahali unapoweza kuufikia, na unauziba kwa kunakili udongo wa jirani. Ukimaliza, unakitazama kipande kikiwa kimerudiwa mara mia. Chochote kinachovuta jicho, doa, ufa, msumari, lazima kiondoke, kwa maana kitu kimoja cha kupendeza kikirudiwa mara mia kinageuka kuwa upele. Mwalimu wangu alipenda kusema kwamba mandhari nzuri ni ile isiyoonwa na mtu. Nimeishi kwa maneno hayo miaka kumi na minane, nikadhani ni unyenyekevu.

Nilifungua jalada la nyumba ya Mama Sekela. Picha ghafi hazikuwepo. Zilifutwa siku thelathini baada ya kigae kupitishwa, kama mkataba ulivyotaka. Kilichobaki ni daftari la kazi, mistari michache niliyoiandika mwenyewe:

*Lumekwa, nyumba 2217. Udongo mwekundu, hali nzuri. Kasoro: vishimo 4 kwa mstari, chini kulia. Kina milimita 6, nafasi milimita 14, 13, 12. Vinajirudia vibaya. Vimezibwa kwa udongo wa jirani. Dakika 4.*

Nilitafuta neno mkono. Nilitafuta kiganja, vidole, alama ya mtoto. Halikuwepo hata moja. Vile vishimo nilivikumbuka kwa mbali. Nilidhani mtu aliegemeza uma wa bustani ukutani udongo ukiwa haujakauka. Nikajifariji kwamba labda mkono ulikuwa pembeni ya kipande nilichokata, kwamba sikuugusa, kwamba uliondoka na maji na wala si kwa kazi yangu.

Lakini nilimkumbuka pia mama yule. Alikuwa amesimama na beseni kiunoni, siku nilipokwenda bondeni kupima kuta, mbele ya nyumba iliyokwisha kutolewa mlango. Nilipofungua mashine ya kupimia aliniambia, "Anzia hapo mlangoni, mwanangu, hapo chini." Nikafikiri anajivunia ukandikaji wake. Nilikuwa nimebakiwa na nyumba arobaini, na maji yalikwishafika kwenye migomba ya chini. Kulikuwa na fomu, iliitwa fomu ya ukuta wa pekee, ya kuombea kipande kisichojirudia. Ukurasa mmoja, kusubiri siku mbili. Katika nyumba elfu nne sikuijaza hata mara moja. Kumwuliza yule mama "kuna nini hapo chini?" kusingechukua hata dakika moja, na hilo nalo sikulifanya.

4

Nilikaa siku tatu nikijiambia sitaki. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikaifungua Mfinyanzi.

Mfinyanzi ni programu ya kuumba maumbo. Ukiiambia magome ya mti inakupa magome, ukiiambia kokoto inakupa kokoto. Kuumba mikono ya watoto ilifundishwa kwa mikono ya watoto wa kweli, laki kadhaa, iliyopigwa picha kliniki na mashuleni, majina yakafutwa. Niliandika: mtoto wa kike, miaka sita, udongo mbichi, mkono wa kulia. Ikaniletea mikono kumi na miwili.

Niliichagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Huu mnene, huu vidole vimekaa vibaya. Wa tisa ulikuwa mzuri kupita yote: vidole vimetanuka, kidole gumba kimezama kidogo zaidi, na kwenye kiganja kuna mkunjo mmoja unaopinda kama tabasamu. Nilipouona machozi yalinitoka. Nikajidanganya kwamba machozi yangu ni ushahidi, kwamba kitu kinachoweza kumliza mtu hakiwezi kuwa uongo kabisa.

Kisha nikajaza ile fomu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ili mkono ukae mahali pamoja tu usijirudie. Ilipitishwa mchana uleule. Siku hizi hakuna foleni.

5

Mama Sekela alipofungua mlango nilimwambia, "Nimeupata, mama." Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. "Ulikuwa umefichika kwenye kumbukumbu za mashine. Nimeshaurudisha mahali pake, ukiingia, mkono wa kulia."

Hakukimbilia ukutani kama nilivyotarajia. Aliingia chumbani, akatoka amebadili kilemba, amejifunga khanga safi. Akaenda kunawa mikono. Baba Sekela alisimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, hataki kunitazama. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mama alipiga magoti. Aliuona. Alitoa sauti ndogo ya kooni, na mimi nikajisemea, Ikupa, umefanya jambo jema. Akaweka kiganja chake juu ya ule mkono, ukamezwa wote. Akakitoa. Akaanza kupitisha kidole kimoja, taratibu, kuuzunguka: kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alifika cha tano akarudia. Mara ya pili alikwenda polepole zaidi.

"Mzuri," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umri ni uleule kabisa." Akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja pembeni. "Mtoto wa nani huyu?"

"Mama?" niliuliza.

"Nakuuliza, fundi. Mtoto wa nani? Kwa sababu Sekela hakufungua kiganja. Alikuwa na karanga. Nilimwambia, weka karanga chini ubonyeze mkono. Akakataa. Akasema, nikiweka utazila. Na kweli ningezila, nilikuwa na njaa siku ile. Basi akabonyeza hivyohivyo, amefumbata karanga zake." Alifunga mkono wake, akauelekeza ukutani, akaubonyeza hewani. "Ngumi. Tulicheka mpaka baba yake akatoka shambani kuuliza kuna nini. Alama ya Sekela ni vishimo vinne, basi. Vinne vidogo, vimepangana."

Jikoni sufuria iliwekwa chini. Baba Sekela alikuwa amefumba macho. Hakuwaza kuniambia. Kwake mkono wa Sekela ulikuwa ngumi tangu siku ile, ungekuwaje kitu kingine?

Nami nilikuwa nimeona vishimo vinne. Niliviona kwa macho yangu, nikavipima, nikaandika kina chake, nikavifukia kwa dakika nne. Nilifungua mdomo niseme. Mama Sekela aliinua mkono kunizuia, bila hasira, kama unavyomzuia mgeni asibebe vyombo.

Aliugusa tena ule mkono mzuri, kwenye kile kimkunjo cha tabasamu. Safari hii aliugusa kwa huruma.

"Huyu naye ana mama yake," alisema. "Nenda kamtafute, umrudishie."

6

Nilirudi kesho yake asubuhi. Usiniulize nilikuwa na imani gani. Nilikuwa na vipimo: milimita sita kwenda chini, nafasi kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili. Hapakuwa na Mfinyanzi ndani yake, wala uzuri wowote. Vilikuwa vishimo vinne vilivyopinda kidogo kushoto, vya kawaida kiasi kwamba mtu yeyote angedhani ni vya uma wa bustani. Niliviweka ukutani mahali pa ule mkono, nikavibeba pia vikiwa vimechapwa kwenye karatasi, pamoja na ule mstari wangu wa daftari, tarehe na kila kitu.

Nilimweleza yote. Nikamweleza kuhusu msalaba na vipande vinne, kuhusu upele, kuhusu fomu ambayo sikuijaza. Nikamwambia mkono wa jana niliuchagua katika kumi na miwili. Baba Sekela alitaka kusema kwamba ni yeye aliyenituma, nikamkatisha. Ilikuwa kweli, lakini mkono uliochagua ulikuwa wangu.

Mama alisikiliza akiwa amekaa kwenye kitanda, ambacho kilikuwa kimelazwa, bado sebuleni. Nilipomaliza aliinuka, akaenda mlangoni, akapiga magoti. Alifunga ngumi ya kulia, akaiweka kwenye vile vishimo, ikawa kubwa mno. Akatumia ncha za vidole vinne. Viliingia sawasawa. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba, na mdomo wake ulikuwa unatikisika kama anazungumza na mtu.

"Vinafanana," alisema mwishowe.

"Ndivyo vyenyewe, mama. Nakuapia. Vipimo nilivichukua mwenyewe siku ile, kabla ya..."

"Jana pia ulisema umeupata."

Nikaikunja ile karatasi.

"Ungekuja jana na hivi, ningekuamini," alisema. Hakupandisha sauti. "Ungekuja mikono mitupu ukaniambia, mama, nilimfukia, ningekulaani mpaka jioni, halafu ningekuamini. Sasa sijui. Naweka mkono, mkono unaniambia ni yeye. Halafu nakukumbuka wewe umesimama hapo na uso wako wa furaha." Alitoa vidole vyake kwenye vile vishimo, kimoja kimoja. "Uliviziba na nini?"

"Na udongo wa pembeni, mama. Ndivyo tunavyofanya. Tunanakili wa jirani."

"Udongo wa pembeni niliukandika mimi."

"Ndiyo."

"Mwaka wa pili niliupitisha kandokando. Sikumgusa hata mara moja." Alivitazama viganja vyake. "Kumbe mwisho nimemfunika mwenyewe."

Nilimwambia hapana, nilimwambia ni mimi, nilisema mambo mengi ya aina hiyo. Sidhani alinisikia. Alisema, "Zima."

"Nini, mama?"

"Ukuta. Uzime wote."

Nilimtazama mzee. Mzee alitazama sakafu. Nikafungua kifuniko kilicho chini ya dirisha, nikauzima. Udongo mwekundu ukaondoka kutoka dirishani hadi jikoni, na zege likabaki, la kijivu na baridi, likiwa na michirizi ya mbao za wajenzi. Baba Sekela alinisaidia kurudisha kitanda chumbani. Mama alitufuata, akasubiri mpaka tulipokiweka sawa, akajilaza, akageukia ukutani.

Nilikaa sebuleni mpaka saa saba. Hakuna aliyenifukuza. Baba Sekela alinikaangia yai, akaniambia nile.

Vile vishimo vinne ninavyo bado. Viko kwenye jalada la nyumba 2217, na ni vya kweli. Hakuna mtu duniani anayeweza kuvithibitisha isipokuwa mmoja, na huyo nilimwondolea mwenyewe uwezo wa kuniamini. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu humkuta mtu amekaa barazani. Haya yangu yananifuata mpaka kazini. Nimeacha kutengeneza vigae. Sasa napitisha fomu za ukuta wa pekee, kwa wale wachache waliokumbuka kuulizia, na kila mmoja namwuliza kwanza kuna nini hapo chini.

Kila Jumatatu asubuhi nampigia simu Baba Sekela.

"Shikamoo, mzee. Mama ameamka?"

"Marahaba, mwanangu. Bado."

Anasema bado kwa sauti ya kawaida, kama anayesubiri maji yachemke. Nasikia kijiko kinagonga bakuli la uji. Hajawahi kunilaumu, na katika nyumba ile hakuna anayemfokea. Kisha, kwa sababu ni mtu wa heshima, naye huniuliza mimi nimeamkaje, na mimi humjibu kama sote tunavyojibu. Namwambia salama.